Kuunganisha kromatografia ya ioni na spektrometa ya masi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina tatu. Kuna wanafunzi wa kemia wanaoanza mradi wa shahada, kuna mafundi sanifu wa maabara waliozoea mashine moja na sasa wametakiwa kuiunganisha na nyingine, na kuna wafanyabiashara wa hapa Dar es Salaam, hasa wa maji ya chupa na wa mazao ya kuuza nje, walioambiwa na mnunuzi "tuletee majibu ya maabara". Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito. Kromatografia ya ioni tutaiita IC na spektrometa ya masi tutaiita MS, kama wanavyosema maabarani.

IC inafanya kazi gani hasa?

Inatenganisha vitu vyenye chaji, yaani ioni, vilivyoyeyuka kwenye maji: kloraidi, naitreti, salfeti, fosfeti, sodiamu, asidi za kikaboni na wengine wa ukoo huo. Sampuli inadungwa kwenye mkondo wa kimiminika kinachoitwa eluenti, kisha pampu inaisukuma kupitia kolamu iliyojazwa punje ndogo za resini. Punje hizo zina chaji iliyo kinyume na ya ioni unazozitafuta, kwa hiyo ioni hunasa juu yake. Eluenti nayo ina ioni zake zinazogombea nafasi zilezile, kama abiria wa Mbagala wanavyogombea viti saa kumi na moja jioni. Asiyeshikilia sana anatolewa mapema, king'ang'anizi anatoka mwisho. Floraidi hutoka mwanzoni, kloraidi hufuata, salfeti yenye chaji mbili huchelewa, na perkloreti huwaacha karibu wote watangulie.

Mwisho wa safari kuna kipima upitishaji umeme. Kila ioni inapopita, usomaji unapanda na kushuka, na kwenye karatasi unaona kilele. Eneo la kilele ndilo linalokupa kiasi.

Kama IC inatosha kutenganisha na kupima, MS ya nini?

Kipima upitishaji umeme hakijui nani kapita. Kinajua tu kwamba dakika ya sita kimepita kitu kinachopitisha umeme. Sisi ndio tunaokipa jina, kwa kulinganisha muda wake na muda wa stendadi, yaani myeyusho wa kitu tunachokijua. Katika maji ya bomba safi hilo linatosha kabisa. Katika maji ya kisima chenye chumvi, mchuzi wa samaki au majimaji ya parachichi lililosagwa, vitu viwili vinaweza kutoka dakika moja, na hapo jina unalotoa ni la kubahatisha.

MS inapima uwiano wa masi kwa chaji, ule unaoandikwa m/z. Brometi ina m/z 127 na 129, perkloreti 99 na 101, glaifoseti, ile dawa ya kuua magugu, 168. MS yenye kwadrupoli tatu (kwadrupoli ni kichujio kinachopitisha ioni za m/z fulani tu) inakwenda mbele zaidi: inachagua ioni ya uzito fulani, inaigonga kwenye gesi hadi ivunjike, halafu inatafuta kipande maalumu. Ukiona 99 imevunjika ikatoa 83, yaani imepoteza oksijeni moja, na imetoka kwenye kolamu wakati uleule wa stendadi ya perkloreti, una ushahidi wa pande tatu. Juu ya hapo, MS inashuka hadi viwango vya chini ya mikrogramu 1 kwa lita bila kuhangaika.

Basi nibaki na MS peke yake, niachane na kolamu?

Hapana. Chukua m/z 97. Salfeti ndani ya MS huonekana kama HSO₄⁻, yenye uzito 96.9601. Fosfeti huonekana kama H₂PO₄⁻, yenye uzito 96.9696. Tofauti yao ni 0.0095 tu. Kwadrupoli ya kawaida inawaona wote wawili kama 97. Ili kuwatenganisha kwa uzito unahitaji mashine yenye uwezo wa kutofautisha wa takriban 10,000 na zaidi. Kolamu ya IC inawatenganisha kwa dakika kadhaa na kwa gharama ya maji na alkali.

Mfano mwingine ni wa watu wa tiba na lishe. Glukosi-6-fosfeti na fruktosi-6-fosfeti zina fomula moja na uzito mmoja hadi desimali ya mwisho, zote m/z 259. Hata MS ya bei mbaya kuliko zote haitakuambia ipi ni ipi kwa uzito peke yake. Hiyo ni kazi ya kolamu.

Kwa nini siwezi kuchukua bomba linalotoka kwenye kolamu nikalichomeka moja kwa moja kwenye MS?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, kwa hiyo tukae kidogo.

Eluenti ya kawaida ya anioni, yaani ioni zenye chaji hasi, ni potasiamu haidroksaidi, mara nyingi kati ya milimoli 10 na 100 kwa lita. Hiyo ni alkali kali. MS inayotumia elektrosprei hufanya kazi kwa kugeuza kimiminika kuwa ukungu wa matone madogo yenye chaji, kukausha matone hayo kwa nitrojeni moto, na kuvuta ndani ya ombwe ioni zinazobaki. Ukiipa alkali ya potasiamu, matone yakikauka yanaacha chumvi. Chumvi inaziba sindano, inapaka koni ya kuingilia, umeme unaruka ovyo, na ioni ulizozitafuta zinamezwa na bahari ya potasiamu. Mchana mmoja wa namna hiyo unatosha kumfanya fundi afungue chemba nzima kuisafisha.

Kwa hiyo kati ya kolamu na MS kuna kifaa kinachogeuza ile alkali kuwa maji. Kinaitwa sapresa. Mwaka 1975 Hamish Small, Timothy Stevens na William Bauman wa kampuni ya Dow Chemical nchini Marekani walichapisha njia ya kutumia kolamu ya pili kuua upitishaji umeme wa eluenti ili ioni za sampuli zionekane. Wao walikuwa wanahangaikia kipima upitishaji umeme. Kumbe walikuwa wametengeneza pia mlango ambao baadaye ungeipitisha IC hadi kwenye MS, maana kinachotoka baada ya sapresa ni maji pamoja na ioni zako, na maji elektrosprei inayavumilia.

Hiyo sapresa inafanyaje? Inachuja?

Haichuji, inabadilisha. Sapresa nyingi za leo zina utando mwembamba unaoruhusu kationi tu, yaani ioni zenye chaji chanya, kupita. Upande mmoja inapita eluenti, upande wa pili yanapita maji safi. Umeme mdogo wa DC unavunja maji kwenye anodi na kuzalisha ioni za haidrojeni, H⁺, ambazo zinavuka utando na kuingia kwenye eluenti. Potasiamu inavutwa kuelekea kathodi, inavuka na kutoka nje. Ndani ya eluenti H⁺ inakutana na OH⁻, na wawili hao wanakuwa maji.

Tufanye hesabu. Mtiririko wa mililita 0.3 kwa dakika wa eluenti ya milimoli 30 kwa lita unabeba mikromoli 9 za potasiamu kila dakika. Kuziondoa zote kunahitaji, kinadharia, takriban miliampia 14.5. Kiutendaji unaweka zaidi ya hapo kwa sababu si umeme wote unaofanya kazi hiyo, lakini usizidishe ovyo: umeme mwingi unachemsha sapresa na kufupisha maisha yake.

Ioni yako nayo inapata mwenzi mpya. Kloraidi iliyoingia ikiwa na potasiamu inatoka ikiwa na H⁺, na H⁺ inapitisha umeme karibu mara tano ya potasiamu. Ndiyo maana kilele kinakua wakati usomaji wa chini unashuka.

Je, sapresa za asidi ya salfuriki zinafaa?

Kwa kipima upitishaji umeme, ndiyo. Kwa MS, hapana, kama una njia nyingine. Salfeti kidogo huvuja kupitia utando, na MS itakuonyesha m/z 97 mchana kutwa. Tumia sapresa ya umeme, na uilishe maji safi kutoka chupa ya pembeni. Ile mbinu ya kurudisha maji yaliyotoka kwenye kipima ili yasafishe sapresa haifai hapa, kwa sababu maji hayo yamekwenda kwenye MS.

Nimeambiwa niongeze kiyeyusho cha asetonitraili. Kabla au baada ya sapresa?

Baada. Maji matupu yana mvutano mkubwa wa uso na yanakauka polepole, kwa hiyo matone hayavunjiki vizuri. Weka tii ndogo (kiungo cha njia tatu) baada ya sapresa na pampu ya pili inayoleta asetonitraili au methanoli, kwa kawaida kwa mtiririko ulio chini ya ule wa IC. Ishara mara nyingi inapanda waziwazi. Angalia tu mgandamizo: sapresa haipendi kusukumwa kutoka nyuma, na bomba jembamba refu kati yake na MS linaweza kuipasua. Tumia bomba fupi.

Nina kiwanda kidogo cha maji ya chupa, mteja anataka nipime brometi. Ni nini na imetoka wapi?

Swali hili linatuhusu sana sisi wa Pwani. Maji ya bahari yana bromaidi, karibu miligramu 65 kwa lita. Visima vilivyo karibu na ufukwe, kule ambako maji ya bahari yanapenya ardhini kadiri watu wanavyovuta, hupata chumvi, na bromaidi huja nayo. Bromaidi yenyewe haina shida kubwa. Tatizo linaanza kiwandani, pale maji yanapotibiwa kwa ozoni. Ozoni inaichoma bromaidi na kuigeuza brometi, na brometi iko kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kusababisha saratani. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. (Ndiyo hiyohiyo ambayo waokaji wa zamani walikuwa wanaitia kwenye unga ili mkate uumuke, kabla nchi nyingi hazijaipiga marufuku.)

Sasa tazama ugumu wa kuipima. Kwenye kolamu nyingi brometi hutoka mbele tu ya kloraidi. Tuseme maji ya kisima yana kloraidi miligramu 500 kwa lita na brometi mikrogramu 10. Kloraidi ni mara 50,000 ya brometi. Kwa kipima upitishaji umeme, kilele cha kloraidi kinapanuka na kumfunika jirani yake kabisa. MS haijali kloraidi iliyo pembeni. Inatazama 127 na 129 tu, na hapo kuna zawadi: bromini asilia ina isotopu mbili, yaani atomi za aina moja zenye uzito tofauti, 79 na 81, karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo vilele vya 127 na 129 lazima vilingane. Kimoja kikizidi kingine waziwazi, hicho ulichokiona si brometi peke yake.

Kama majibu yakitoka mabaya, usikimbilie kubadilisha kisima. Uliza kwanza mpangilio wa mitambo yako. Utando wa osmosisi kinyume unaondoa sehemu kubwa ya bromaidi, kwa hiyo ukae kabla ya ozoni. Kisha punguza dozi ya ozoni hadi ile inayotosha kuua vijidudu. Viwanda vingine hupiga ozoni nyingi kwa kudhani kwamba ikizidi ndiyo usalama.

Na kloreti?

Hiyo aghalabu hutoka kwenye dawa ya klorini ya maji iliyokaa muda mrefu stoo. Haipokloraiti iliyomo ndani yake huoza yenyewe na kutoa kloreti na kloraidi, na joto linaiharakisha. Stoo ya bati bila dari katika mwezi wa Januari hapa mjini ni mahali pabaya pa kuiweka. Kiwango elekezi ni miligramu 0.7 kwa lita, na kwa kiwango hicho IC ya kawaida bila MS inatosha. Usilipie zaidi.

Vipi floraidi ya Arusha na Manyara?

IC ya kawaida. Kiwango elekezi ni miligramu 1.5 kwa lita, ambacho kipima upitishaji umeme kinakisoma bila taabu, na hata elektrodi ya floraidi inakisoma. Zaidi ya hapo, floraidi ina m/z 19, na MS nyingi zinazofungwa na IC hazijaundwa kusoma uzito mdogo hivyo. Mtu akikuuzia IC-MS kwa ajili ya floraidi, mwambie akuuzie jokofu badala yake. Utalihitaji zaidi kwa sampuli.

Perkloreti inatajwa kila kitabu cha IC-MS. Kwa nini?

Kwa sababu inaonyesha uzuri na mitego ya njia hii kwa pamoja. Perkloreti hutumika kwenye fataki na mafuta ya roketi, na hupatikana kiasili kwenye amana za naitreti za Chile. Mwilini inaizuia tezi ya shingo kuchukua iodini. Shirika la mazingira la Marekani lilitoa mwaka 2005 njia rasmi namba 332.0 ya kuipima kwenye maji ya kunywa kwa IC na MS.

Mtego wake ni salfeti. Salfa asilia ina isotopu nzito ya 34, kama asilimia 4 hivi. Salfeti yenye isotopu hiyo inaonekana kwenye 99, palepale ilipo perkloreti. Katika maji yenye salfeti miligramu mia kadhaa kwa lita, hiyo asilimia 4 ni mlima mbele ya perkloreti ya mikrogramu 1. Kwanza kolamu lazima iwatenganishe kwa muda. Pili, angalia 101: klorini ina isotopu 35 na 37, kwa hiyo 99 kwa 101 inapaswa kuwa takriban 3.1 kwa 1. Salfeti karibu haipo kabisa kwenye 101. Uwiano ukipanda ukafika 5 au 8, salfeti imeingia. Tatu, weka stendadi ya ndani: perkloreti iliyotengenezwa kwa oksijeni-18, ambayo inasomeka kwenye 107. Inatoka kwenye kolamu wakati mmoja na yako na kupata masaibu yaleyale, kwa hiyo ikipungua kwa theluthi unajua na yako imepungua kwa theluthi.

Masaibu gani hayo?

Kudhoofishwa kwa ishara ndani ya elektrosprei. Kila tone lina nafasi chache za chaji juu ya uso wake. Ikitoka salfeti au kloraidi nyingi kwa pamoja na ioni yako, zinachukua nafasi hizo na ioni yako haionekani, ingawa ipo. Wageni wengi huchanganya jambo hili na kazi ya sapresa. Sapresa inazima eluenti kwa makusudi. Huku kwenye elektrosprei ni sampuli inajizima yenyewe.

Dawa zake zinajulikana. Ya kwanza ni kuzimua sampuli mara kumi. Mara nyingi hiyo tu inamaliza ugomvi. Tumia valvu ya kugeuza mkondo ili dakika ambazo kloraidi na salfeti zinatoka zielekezwe kwenye chupa ya taka, zisiingie MS. Kuna pia katriji ndogo za kusafishia: yenye fedha inanasa kloraidi, yenye bariamu inanasa salfeti. Zinafanya kazi, ila zina bei na zinaweza kuondoka na sehemu ya unachokitafuta, kwa hiyo pima uokoaji, yaani kiasi kinachobaki, kwa kuongeza kiasi unachokijua kwenye sampuli halisi. Na stendadi ya ndani yenye isotopu, kila mara bajeti inaporuhusu.

Tunauza parachichi Ulaya. Mnunuzi anataka vipimo vya glaifoseti na asidi ya fosfoniki. Kwa nini maabara ya kwanza ilikataa?

Labda ina LC-MS (kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na MS) ya viuatilifu vya kawaida tu. Kolamu za kawaida za C18 hushika vitu vya mafutamafuta. Glaifoseti ni ya majimaji na ina chaji, inapita bila kusimama na kutoka pamoja na takataka za mwanzo. Njia ya zamani ni kuibandika kemikali nyingine ili ishikike, kazi ndefu. IC inaishika ilivyo, kwa sababu chaji ndiyo lugha yake. Jambo lingine ni kwamba glaifoseti hupenda kushikana na metali, na LC nyingi zina mabomba ya chuma cha pua. IC hujengwa kwa plastiki ngumu ya PEEK kuanzia pampu hadi mwisho.

Asidi ya fosfoniki, m/z 81, huja na dawa za kuzuia kuoza mizizi, na hata baadhi ya mbolea za majani zinayo bila mkulima kujua. Salfaiti, jamaa wa salfeti, nayo ina 81. Turudi palepale: kolamu kwanza, uzito baadaye. Kuzitoa kwenye tunda si kugumu: sampuli iliyosagwa hutikiswa na methanoli yenye asidi ya fomiki kidogo, huzungushwa kwenye sentrifuji, huchujwa, hupimwa.

"Shikamoo mtaalamu. Majibu yanasema kamba wangu wana aseniki. Nifunge biashara?"

Marahaba. Usifunge kabla hujauliza ni aseniki ya aina gani. Viumbe wa baharini hubeba aseniki nyingi katika umbo la asenobetaini, ambalo mwili hulitoa bila madhara yanayojulikana. Sumu inayoogopwa ni aseniki isiyo ya kikaboni, asenaiti na aseneti. Kipimo cha aseniki jumla kinazichanganya zote kwenye namba moja.

Hapa IC inaunganishwa na MS ya aina nyingine, ile ya plazima ya agoni, ICP-MS. Plazima ina joto la nyuzi maelfu kadhaa na inavunja kila molekuli kuwa atomi, kwa hiyo MS inaona aseniki tu kwenye 75, na ni kolamu peke yake inayosema ilikuwa ya umbo gani. Sapresa haihitajiki, hutumiwa eluenti ya chumvi za amonia ambayo haiachi masalia. Chunga kloraidi: agoni ikishikana na klorini inatengeneza 75 ya uongo. Kolamu nzuri inaitoa kloraidi kwa wakati wake, nawe unakiona kilele hicho pembeni na kukipuuza. Mpangilio huuhuu hutumika kutenganisha kromiamu ya sita, yenye sumu kali, na ya tatu.

Kationi je? Mnazungumzia anioni tu.

Zinawezekana. Eluenti inakuwa asidi ya methenisalfoniki, na sapresa inafanya kazi kinyume. Sodiamu na kalsiamu hazihitaji MS. Faida inakuja kwenye amini, kwa mfano histamini ya jodari aliyekaa bila barafu, m/z 112 inayovunjika kuwa 95. Amini dhaifu zinapoteza chaji ndani ya sapresa na kipima upitishaji umeme hakizioni vizuri, wakati MS inazirudishia chaji na kuzisoma.

Nitrojeni itanigharimu kiasi gani?

Fanya hesabu kabla ya kununua mashine. Mtungi wa lita 50 uliojazwa hadi baa 200 una gesi takriban lita 10,000. Elektrosprei inayokula lita 15 kwa dakika inaumaliza kwa saa 11 hivi. Kwa maneno mengine, mtungi mmoja kwa siku ya kazi, na kuna siku gari la mitungi halifiki. Jenereta ya nitrojeni inayochuja hewa ndiyo njia ya maana kwa maabara inayofanya kazi kila siku, lakini hewa yetu ina unyevu mwingi: kausha hewa vizuri kabla haijaingia, na usisahau kumwaga maji kwenye kompresa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Kukatika kabisa kunavumilika. Ombwe linapotea, na baada ya umeme kurudi MS inahitaji saa nyingi, mara nyingi usiku mzima, kutulia. Hatari iliyo kubwa zaidi ni umeme unaocheza. Sapresa inazimika, pampu inarudi, na alkali inasafiri moja kwa moja hadi MS.

Kinga ni mpangilio. Weka kipima upitishaji umeme kati ya sapresa na MS, kisha panga programu igeuze valvu kwenda kwenye taka pale usomaji unapopanda kupita kawaida yake. Valvu hiyo ikae upande wa taka kila inapowashwa upya, na mtu ndiye aifungulie MS baada ya kuona usomaji umetulia. UPS kwa IC, sapresa na MS pamoja, si kwa kompyuta tu. Nimeona maabara yenye UPS nzuri sana inayolinda skrini.

Maji ya maabara yawe ya aina gani?

Ya ukinzani wa megaohmu-sentimita 18.2, mapya, yaliyotolewa gesi. Maji yaliyokaa hunyonya kabonidayoksaidi, nayo ikikutana na alkali inakuwa kaboneti na kuhamisha muda wa vilele vyako. Chupa ziwe za plastiki. Kioo hutoa sodiamu na silika. Vaa glovu, maana jasho ni kloraidi tupu, na usiache madirisha wazi ikiwa maabara iko jirani na bahari.

Sampuli niichukueje, na nimpelekee nani?

Chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji yaleyale, kisha iwekwe kwenye barafu. Kwa brometi na kloreti maabara huweka ethilinidiamini kidogo, miligramu 50 kwa lita, ili klorini au ozoni iliyobaki isiendelee kutengeneza nyingine njiani. Kwa perkloreti sampuli huchujwa kwa kichujio kisichopitisha bakteria, na chupa huachwa na nafasi ya hewa, kwa sababu wapo bakteria wanaoila palipokosekana oksijeni. Omba chupa kwa maabara kabla ya kwenda kisimani. Usitumie ya soda.

Kuhusu wa kumpelekea, hapa Dar es Salaam kuna maabara za umma kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali na ya Shirika la Viwango, TBS, pale Ubungo, na zipo za binafsi. Popote uendapo, usiishie kuuliza "mna ithibati ya ISO/IEC 17025?", yaani ya kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara. Omba karatasi ya wigo wa ithibati, ile inayoambatana na cheti, utafute jina la kitu chako, aina ya sampuli na njia ya upimaji. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya naitreti kwenye maji na isiwe nayo ya glaifoseti kwenye tunda. Uliza pia kiwango chao cha chini kabisa cha kuripoti: kama kikomo cha mnunuzi ni mikrogramu 10 na wao wanaripoti kuanzia 25, hata jibu la "haikuonekana" mnunuzi atalirudisha.